Waya Wenye Fundo

Tanga, 3 Machi 2024

Kwa Mjomba Ismaili, Mtae.

Assalaam alaykum. Huku mimi ni mzima. Mama naye kule Lushoto mguu umepona, ameanza kwenda sokoni mwenyewe na kabichi zake. Nisalimie bibi, mwambie samaki wake wakavu nitawatuma. Nisalimie mkazamjomba Zuhura.

Wewe sikuamkii. Umeona mwenyewe shikamoo haipo hapo juu, na si kwamba nimesahau. Tangu nijue kusema sijawahi kukupita bila kukuamkia, hata siku ile uliponichapa kwa kuunguza redio ya mwalimu. Leo sikuamkii mpaka unijibu swali moja, na ninaliuliza kwa barua kwa sababu kwenye simu nikifika neno la tatu unasema mtandao wa Mtae unasumbua, halafu unazima. Karatasi haina mtandao.

Tarehe 24 Februari, bwawa la shamba la mkonge, njia ya Korogwe. Boti za rimoti kumi na moja, watu wamejaa ukingoni. Yetu ilikuwa nzuri kuliko zote, hilo nalisema hata nikiwa na hasira: bodi ya mbao ya mgrevilea uliyoikwangua wewe mpaka ikawa nyembamba kama ganda, mota na betri nilizosuka mimi. Mizunguko ni minane. Mzunguko wa tatu nilikuwa naongoza, boti ikatoa moshi na kusimama katikati ya maji. Mlinzi wa bwawa aliivuta kwa kamba mbele ya watu wote.

Nikaufungua mfuniko ulioniambia nisiufungue. “Nimeshaziba na silikoni, usiguse, maji yataingia.” Nikakutii kama mtoto. Unajua kidhibiti mwendo nilikichagua kwa miezi miwili, kile kiboksi kinachokaa kati ya betri na mota na kuamua boti iende kasi gani. Nilichagua cha ampea mia na ishirini, chenye mirija miwili ya kupitishia maji ya kukipoza. Nilikutumia kwa basi mwezi wa kwanza, pamoja na betri na mota, uviunge humo ndani. Nilichokikuta ni kidhibiti cha ampea sitini, kizee, kimezungushiwa bomba la shaba la friji. Bodi na betri nimekurudishia kwa basi, mota na pangaboi nimebaki navyo.

Swali langu ni hili. Kidhibiti changu kiko wapi?

Usinijibu kwamba ni mchezo wa boti tu. Umoja wa watumia maji unataka boti nne za kubebea kipimo cha kina, zivuke mabwawa yote ya bonde, na kazi hiyo itakwenda kwa fundi ambaye boti yake haifii njiani. Boti mbili tu ndizo zilizomaliza, na moja ni ya Rajabu, yule uliyemfundisha baada yangu. Raundi ya pili ni tarehe 25 Mei na ya tatu haipo. Miaka minne nasuka mota kwenye karakana ya mtu, kwa jina la mtu. Hii ingekuwa kazi ya kwanza yenye jina langu.

Najibiwa lini?

Saumu


Mtae, 19 Machi 2024

Kwa Saumu, mtoto wa dada yangu.

Waalaykum salaam. Barua yako ilikaa Malindi yetu hii ya milimani siku tisa, barabara imekatika na basi halipandi. Imeletwa na muuza mbegu za viazi. Huku tuko kwenye mfungo na ukungu haujaondoka tangu Ijumaa. Bibi yako hali yake ni ileile, anakula, anagomba. Samaki ameshawapangia siku. Mkazamjomba wako amevuna maharage magunia mawili na anasema njoo uchukue yako.

Nimeisoma barua isiyo na shikamoo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka juu ya kabati, nikairudia baada ya futari nisije nikaharibu swaumu yangu kwa ajili yako. Nina miaka hamsini na minane. Hata mbuzi wa jirani wananipisha njiani.

Sasa sikiliza. Kidhibiti kidogo nilikiweka mimi, sikatai. Wala sikukiweka bila kukijaribu. Niliibeba boti kwa bodaboda mpaka Malindi kwenye bwawa la wakulima wa mboga, kwa sababu huku kwetu mgongoni mwa mlima hakuna maji ya kuelea hata bata. Nikaikimbiza dakika sita, nikapumzika, nikaikimbiza tena, mara tatu. Kila nikifungua naweka kidole: baridi kama tumbo la chura. Kitu kibovu kingeungua Malindi. Tena ni chepesi, boti iliinua pua vizuri kuliko ambavyo ingeinua na lile dubwana lako. Angalia pangaboi, huenda lilikamata majani. Angalia mota uliyosuka. Mchagua nazi hupata koroma, na wewe ulichagua miezi miwili.

Hicho kikubwa usikiulize. Hakipo. Tunaongea boti, hatuongei vijiboksi.

Kula vizuri wakati wa futari, mama yako anasema umekonda.

Mjomba wako,
Ismaili


Tanga, 7 Aprili 2024

Kwa Mjomba Ismaili.

Assalaam alaykum. Samaki wa bibi wako ndani ya kifurushi hiki, wa juu ni nguru, asimpe paka. Mama amenipigia mara mbili kuniambia mjomba hagombwi. Nimemjibu simgombi, namuuliza.

Umesema kitu kibovu kingeungua Malindi. Jumamosi iliyopita nilipanda Lushoto kumwona mama, nikapitiliza mpaka Malindi na kipimajoto. Ndiyo, nilifika Malindi na Mtae sikuja, na nilikusudia. Maji ya lile bwawa la mboga ni nyuzi kumi na tano. Jumatatu nikaenda bwawa la mkonge: nyuzi ishirini na tisa. Bomba lako la friji lilikuwa linapitisha maji yaliyotoka msituni asubuhi ileile. Hata kaa la moto lingepoa humo. Hili ni kosa la mtu wa mlimani, mjomba. Nyinyi mnafikiri maji yote duniani ni baridi kwa sababu yenu ni baridi. Kule chini maji yenyewe ni chai.

Wala huhitaji kipimajoto kulijua hilo, ulihitaji mita tu. Nimebana waya kwa mita hapa karakanani: mota ikianza inavuta ampea sabini. Ikitulia ni hamsini na tano. Majani yakikamata pangaboi inafika tisini na tano. Kidhibiti cha sitini kinavumilia sitini, tena sitini za siku njema. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kamba ya ng'ombe hainunuliwi kwa uzito wa ndama. Nilichagua mia na ishirini ili ile tisini na tano ikija isikute mlango umefungwa. Uzito ulioulalamikia ni gramu themanini. Ndizi moja. Kwa ajili ya ndizi moja umeniaibisha mbele ya watu wa mabonde yote.

Na sasa niseme lile ambalo sijalisema tangu Februari. Boti ya Rajabu niliiona imefunguliwa ukingoni. Ilikuwa na kidhibiti kikubwa chenye mirija miwili. Sikukaribia kusoma maandishi kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Rajabu anakaa Mtae, anaingia dukani kwako kila siku, anakuletea maziwa. Mimi niko mbali, naleta barua. Unasema kikubwa hakipo na hutaki niulize. Basi siulizi. Najua kiliko.

Wiki saba zimebaki. Nirudishie bodi ya boti kama bado unaitambua kuwa ni yangu, nitaifunga mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza.

Eid njema kwa waliomo nyumbani.

Saumu


Mtae, 28 Aprili 2024

Saumu.

Waalaykum salaam. Samaki wamefika. Bibi yako anashukuru, amekula siku ya Eid. Mvua imeangusha ukuta wa choo, tumeujenga. Wengine wote wazima.

Umeandika neno mwizi bila kuliandika. Nimemsomea mkazamjomba wako ule ukurasa nikitumaini ataniambia nimeelewa vibaya. Alisimama akaenda kupalia kahawa na mvua ikinyesha.

Rajabu kidhibiti chake alikitafuta kwa jasho lake, na kilipofika alinionyesha kwa furaha, nami nikamwambia kizuri, huku moyo unaniuma kwa sababu ninazozijua mimi. Ningeweza kumwita akuandikie. Sitamwita. Hajui kwamba dada yake wa kazi anamtaja hivi, na kwangu hatalijua.

Uliingia dukani kwangu una miaka kumi, miguu haifiki chini ukikaa kwenye stuli. Sikukuficha kitu chochote cha kazi hii. Watu walisema unamfundisha binti lehemu za nini, nikawaambia kwa sababu mkono wake hautikisiki. Mkono huohuo ndio umeniandikia ukurasa ule.

Unataka kujua kiliko. Nimempa kondakta mfuko wa unga, umeshonwa. Bodi ya boti imo. Betri imo. Na hicho unachokililia kimo, kama nilivyokiacha tarehe 17 Februari, sijagusa hata waya mmoja. Sikuandikii maelezo. Nilikufundisha kusoma kitu kilichoungua kabla sijakufundisha kukitengeneza. Soma.

Usinijibu kwa haraka. Wewe na haraka mmeshanitosha.

Ismaili


Tanga, 6 Mei 2024

Kwa Mjomba Ismaili.

Assalaam alaykum, wewe na nyumba yako yote. Salamu za hapa sina. Sijamwona mtu tangu jana, nimejifungia karakanani.

Nimeukata ule uzi, nimetoa vitu mezani kimoja kimoja. Kidhibiti cha mia na ishirini ni changu, alama yangu ya kalamu ipo chini. Kimepasuka upande wa kuingilia umeme, vipande vya ndani vimekuwa vyeusi. Upande wa mota ni safi kabisa. Kitu kikiungua hivyo ina maana hakikuwahi hata kuzungusha mota. Kiliungua mara tu kilipogusa betri, na kinaungua hivyo kwa sababu moja tu: chanya imekwenda penye hasi.

Nilicheka, mjomba. Nakiri. Nilisema mwalimu wangu wa miaka yote kageuza nyaya kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ndiyo maana amenyamaza. Nilishaanza kuandika barua nyingine kichwani, na ilikuwa mbaya kuliko zile.

Halafu nikaitazama betri. Betri niliyoisuka mimi. Nyaya zake mbili zote nyeusi, kwa sababu wiki ile waya mwekundu ulikuwa umeisha. Na mmoja una fundo.

Dukani kwako fundo ni chanya. Kila aliyepita kwenye ile stuli anajua. Nyaya unazookota hazina rangi ya kuaminika, kwa hiyo chanya hufungwa fundo, na hata taa ikizimika unaitambua kwa vidole. Lilikuwa somo la kwanza. Huku karakanani mwenye mali hufunga fundo kwenye hasi, kwenye waya wa ardhi, ndivyo alivyozoea. Miaka minne nimefunga fundo lake. Nikachukua mita nikapima ile betri, nikapima tena kwa mita nyingine. Waya wenye fundo ni hasi.

Nilifunga fundo la Tanga nikalituma Mtae. Wewe ukalisoma Kimtae, kama ulivyonifundisha.

Mjomba, hasira zangu hazijaisha. Nimejikasirikia mimi kwa namna ambayo hata siwezi kuiandika. Na wewe pia nimekukasirikia, usidhani umepona. Tarehe 17 Februari mpaka 24 ni siku saba. Ulikuwa na simu. Ungeniambia, ningekugomba, ningelia, halafu ningetafuta kidhibiti kingine hata cha kuazima. Badala yake ukazungushia bomba la friji kile kizee chako, ukaziba na silikoni, ukaniambia nisifungue. Ukaniacha nikakusema miezi miwili. Ukaniacha nimseme Rajabu. Kwa nini ulikaa kimya? Na kwa nini hukupima? Wewe unayepima mpaka betri za tochi?

Shikamoo nimeijaribu hapo juu mara tatu nikaifuta, karatasi imechanika kama unavyoona. Naona aibu. Mtu hawezi kumwita mjomba wake vile halafu akainamisha kichwa kama kwamba hakuna kitu.

Saumu


Mtae, 15 Mei 2024

Kwa mtoto wa dada yangu Saumu.

Marahaba.

Najua hujaniamkia. Nimeitikia kabisa, utaniamkia utakapopata sauti. Mimi ni mtu mzima, siwezi kukaa nimekunja uso nikisubiri neno moja mpaka nife. Bibi yako anakusalimu, kikohozi kimempungua. Jua limetoka siku mbili.

Umeuliza mawili. La kwanza, kwa nini sikupima. Kila betri inayoingia hapa naipima, hata ingeletwa na fundi wa serikali. Ile sikuipima kwa sababu lilikuwa fundo lako. Nililigusa kwa kidole, nikafurahi kwamba Tanga haijakusahaulisha, nikaunga. Kikalipuka papo hapo, moshi ukajaa duka. Nikatoa mita baadaye, wakati haina faida.

La pili, kwa nini nilinyamaza. Nilijiambia kwamba ukijua fundo ni lako utashuka bwawani mkono unatikisika. Hiyo ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nisingeweza kukutajia fundo bila kutaja kwamba sikupima. Nimewachapa watu kwa kutopima. Nilikuchapa wewe. Basi nikaenda Malindi nikitafuta maji yatakayoniambia hakuna kilichoharibika, na maji ya kwetu yakaniambia hivyo. Kipimajoto chako kimenifedhehesha na kina haki.

Lakini bado nimekukasirikia, tena sana. La nyaya nimeshalisahau. Ni lile la Rajabu. Kati ya maelezo yote ambayo ungeweza kuyabuni juu yangu, ulichagua lile. Ulipima mota, ulipima maji, ulipima majani kwenye pangaboi. Mimi hukunipima.

Dukani hakuna fundo tena. Miaka thelathini na moja, nimeyafungua yote wiki hii, yamenitoa kucha. Chanya sasa tunaipaka rangi ya kucha ya mkazamjomba wako, nyekundu, ananung'unika kila chupa ikipungua. Mwambie na mwenye karakana yako afanye hivyo, ili Mtae na Tanga tusome kitu kimoja.

Tarehe 25 sitakuja. Mtu mwenye hasira hasimami kando ya maji penye watu. Funga boti mwenyewe. Na usizibe mfuniko mpaka uangalie mwenyewe, hata kama aliyefunga ni mtume.

Mjomba wako,
Ismaili


Tanga, 27 Mei 2024

Kwa Mjomba Ismaili, Mtae.

Assalaam alaykum. Mama mzima, alikuja bwawani na mwavuli na chupa ya chai, akaiombea dua hata mota. Bibi nimemtumia dawa ya kikohozi, iko kwenye mfuko pamoja na rangi za kucha chupa tatu za mkazamjomba, nyekundu zote.

Nilinunua kidhibiti kingine, cha mia na ishirini tena. Si ukaidi. Nilikijaribu kwenye karai la maji niliyoyapasha mpaka nyuzi thelathini na mbili, dakika sita, na majani ya migomba nimeyafunga kwenye pangaboi makusudi. Kilipata joto, hakikukata. Chanya nimeipaka rangi. Nimepima mara nne. Mfuniko nimeuziba mwenyewe asubuhi hiyohiyo, baada ya kuufungua.

Boti ilimaliza mizunguko yote. Haikuwa ya kwanza, ilikuwa ya pili kwa urefu wa mkono, lakini haikuzimika hata mara moja, na jamaa wa umoja wa maji waliweka kidole kwenye kidhibiti wakatazamana. Boti mbili natengeneza mimi, mbili Rajabu. Nimekaa naye chini nikamweleza nililolisema juu yake, kwa sababu nisingeweza kufanya naye kazi nikiwa nimelificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia siku aliyokuonyesha kidhibiti chake ulimwambia, “Saumu anacho kama hiki,” ukageuka kuangalia ukutani. Nimeandika hili ili ujue kwamba najua.

Sasa nina ugomvi na wewe wa mwisho. Ulisema hutakuja. Mzunguko wa sita nilipoinua macho kufuata boti, nilimwona mtu ng'ambo ya bwawa, kwenye mikonge, amevaa koti zito la mvua la kijani mpaka shingoni, kwenye jua lile la Korogwe, peke yake katika watu mia tatu. Ni nani mwingine anayevaa hivyo isipokuwa aliyeteremka Mtae alfajiri? Ulikuwa umeinamisha kichwa upande mmoja kama unavyosikiliza mota dukani. Nilimaliza mizunguko miwili iliyobaki nikiiendesha boti kwa masikio yako.

Nilipoweka rimoti chini nilikimbia kuzunguka bwawa. Ni mbali, mjomba, na nilikuwa na viatu vya sherehe. Nilipofika nilikuta nyayo tu na kundi la mbuzi. Umenikasirisha. Ulinisafiria saa nyingi kuja na saa nyingi kurudi, halafu ukanikimbia kama mtu aliyeiba maembe. Nilisimama pale kwenye mikonge nikaisema kwa sauti, nimeinamisha kichwa, mbuzi wakanitazama. Naiandika na hapa, iwe na tarehe na jina.

Shikamoo, mjomba.

Usiiitikie. Ulishaiitikia.

Saumu